Hatua ya Arobaini na Nane

Bomba la maabara ya Chuo cha Uuguzi cha Upeo Mpya, pale Migori, lilikauka mwaka ambao hakuna mwanafunzi anayeukumbuka. Lilikuwa bomba zuri la chuma, lenye shingo ndefu kama ya korongo, na juu yake palibandikwa karatasi: NAWA MIKONO, OKOA MAISHA. Kila asubuhi mfagizi alilipangusa vumbi. Maji tu ndiyo yasiyokuwamo.

Lakini chuo cha watu wenye akili hakiachi kufundisha kunawa eti kwa sababu ya maji. Njia ilibuniwa. Mwanafunzi alisimama mbele ya bomba, akainua mikono yake mikavu, akatamka kwa sauti: "Nimenawa mikono." Mtahini akatia alama. Glavu zilipokwisha, wakatamka, "Nimevaa glavu." Pamba ilipokwisha, pamba nayo ikatamkwa. Kufikia mwaka wa tatu, mwanafunzi hodari wa Upeo Mpya aliweza kusafisha kidonda, kuchoma sindano, kutandika kitanda na hata kuzalisha mapacha, bila kuchoka mahali popote isipokuwa kooni.

Mgonjwa mwenyewe hakulalamika. Alikuwa sanamu la mpira, wanafunzi wakamwita Mama Kimya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umedungwa hata ukawa chujio, na mguu mmoja uliazimwa na chuo jirani usirudi. Mama Kimya alikuwa ameugua kila kitu. Alitibiwa malaria, akatibiwa kipindupindu, na muhula mmoja akatibiwa tezi dume, maana mtihani ulidai hivyo na mtihani haubishani na maumbile.

Aliyesimamia haya yote alikuwa Mwalimu Zadock Bogonko, mtu mwembamba, safi, mwenye kalamu nne za rangi nne katika mfuko wa shati. Mwalimu Zadock hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa orodha. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameiandika na kuiandika upya orodha yake ya hatua arobaini na saba, ambayo kila kazi ya muuguzi, kubwa kwa ndogo, ilibidi iingie humo hata kwa kukunjwa. Hatua ya kwanza: msalimie mgonjwa. Ya pili: jitambulishe kwa majina yako yote. Ya tatu: mweleze unachotaka kufanya. Ya nne: pata idhini yake. Ya tano, iliyochorwa nyota: nawa mikono. Anayekosa hatua yenye nyota ameanguka hata akizipata zile nyingine zote. Kisha hatua zilishuka ukurasa mzima, zikageuka nyuma ya karatasi, mpaka ya arobaini na saba: muulize mgonjwa kama ana malalamiko, uyaandike. Nafasi hiyo ya mwisho haikuwahi kuandikwa kitu. Mama Kimya aliridhika daima.

Muhula mzima wanafunzi walisoma historia ya uuguzi. Muhula mwingine walikariri maana saba za neno "mgonjwa". Katika mtihani mmoja waliulizwa kona ya shuka inakunjwa kwa pembe ya nyuzi ngapi, na aliyeandika arobaini na nne alinyimwa alama.

Damaris Robi, msichana wa Kikuria, alikuwa na kasoro moja kubwa katika chuo kama hicho: aliamini mambo. Aliposoma ukutani kwamba kunawa mikono kunaokoa maisha, aliamini. Siku ya mtihani wake wa vitendo alimsalimia Mama Kimya vizuri, akajitambulisha, akaeleza, akaomba idhini, na alipofika hatua ya tano akatoka nje. Alikwenda mpaka kwenye tangi la jikoni, nyuma ya mabweni, akakuta wapishi wanaosha sufuria, akangoja zamu yake, akanawa kwa sabuni, akarudi mbio mikono ikiwa juu na maji yakichuruzika hadi viwikoni. Alifika hatua ya ishirini na moja dakika zake thelathini zikaisha.

"Ulikuwa wapi?" Mwalimu Zadock aliuliza.

"Nilinawa mikono, Mwalimu."

"Wenzako wote wamenawa papa hapa. Kwa sekunde tatu."

Akaanguka. Na sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayeanguka vitendo mara mbili hufungasha virago. Damaris alimfikiria mama yake huko Osiri, anakowapikia wachimba dhahabu uji na chapati. Mama huyo alikuwa amekwisha kuanza kumwita bintiye "sista" mbele ya wateja, na wachimbaji walikuwa wamekwisha kumwonyesha vidole vyao vilivyopondeka, wakisema watamngoja amalize. Watu mia moja wenye vidole vibovu walikuwa wakimngoja. Angerudi awaambie nini? Kwamba aliondolewa kwa kosa la kunawa?

Basi akajifunza kutamka. Alitamka bwenini, alitamka njiani, alitamka akichuna sukuma wiki. Baada ya wiki tatu maneno yalikuwa yakimtoka yenyewe, kama amina.

*

Mtihani wa pili haukuweza kufanyika chuoni, kwa kuwa Mama Kimya alikuwa amekatika shingo. Uongozi ulikaa, ukatafakari, ukaamua kwamba kwa kukosa sanamu watumie binadamu. Damaris akapelekwa kaunti jirani ya Homa Bay, kwenye zahanati ndogo karibu na soko la Kisegi, akae miezi mitatu, na mwishoni Mwalimu Zadock angekuja kumtahini huko huko.

Zahanati ilikuwa na vyumba vinne, vitanda vitatu, pampu ya maji uani, mlinzi mmoja aitwaye Cephas, na muuguzi mmoja, Sista Trizah, ambaye alitembea kwa kasi ya mtu aliyeacha chungu motoni. Shuka hazikuwapo. Wagonjwa walikuja na leso zao za kutandika, na Damaris alipojaribu kuikunja kona ya leso kwa nyuzi arobaini na tano, mwenye leso alimwomba asimharibie nguo.

Siku ya kwanza aliletewa Mama Filister, mkaanga samaki wa pale sokoni, aliyechanwa mundi wa mguu na bati la kibanda chake. Damaris alimsalimia. Akajitambulisha. Akaeleza. Akaomba idhini. Kisha akainua mikono, akaukazia macho ukuta, akasema:

"Nimenawa mikono."

Mama Filister aligeuka kumtazama. Akautazama ukuta, kama kwamba pengine yuko mtu. Akamtazama tena.

"Yawa! Umenawa saa ngapi? Mimi nimekuangalia tangu uingie hapa, wewe binti, nyar Kuria. Hiyo mikono imekauka kama dagaa omena wa juzi."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Cephas alikitoa kichwa dirishani, akacheka kabla hajaambiwa kilichotokea. Sista Trizah alitoka chumba cha pili.

"Nani amekufundisha kunawa kwa mdomo?"

"Chuoni, Sista."

"Basi na hicho kidonda kitapona kwa mdomo. Pampu iko nje. Sabuni iko juu ya jiwe. Nenda."

Alikwenda. Maji ya pampu yalikuwa baridi, akayaacha yamwagike mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akajisikia kama mtu aliyeruhusiwa kuongea lugha ya nyumbani.

Miezi ile mitatu ilimfunza. Alijifunza kusikiliza kifua cha mtoto anayelia. Alijifunza kwamba mama anayesema "niko sawa tu" ndiye wa kuangaliwa kwanza. Alijifunza kushona ngozi, ambayo haifanani na mpira hata kidogo, kwa sababu mpira haukushiki mkono. Siku moja, wakishona vitambaa, alimuuliza Sista:

"Sista, hivi muuguzi hasa anahitaji kujua mambo mangapi?"

"Kumi."

"Kumi tu! Na sisi tumekariri kurasa mia sita?"

"Kwa siku, kumi yanatosha," Sista Trizah alisema, meno yakiwa yameshika uzi. "Shida ni kwamba ukiamka hujui leo ni kumi yapi."

Cephas mlinzi alikuwa na hesabu yake. "Miaka mitatu kusomea sindano?" alipenda kusema, kiti chake kikiegemea ukuta. "Mimi nimejifunza kwa kuchungulia dirishani tu. Homa, panado. Kuhara, chumvi na sukari. Kichwa kikizunguka, ni malaria imepanda. Nipeni koti jeupe muone."

"Wewe ndugu yangu Cephas," Mama Filister alimjibu, maana alikuja kubadilishiwa bandeji kila baada ya siku mbili, "ukipewa koti jeupe, sisi tutahitaji majembe."

*

Mwalimu Zadock aliwasili saa tano asubuhi, ingawa alitarajiwa saa mbili. Gari la chuo lilikuwa limezimika njiani mara mbili kati ya Migori na Kisegi. Aliteremka na mkoba, saa ya kupimia muda, na fomu zilizonyooka kama zilizopigwa pasi. Sista Trizah alimkaribisha chai.

"Baadaye, Sista. Kazi kwanza."

"Angalau kikombe kimoja, Mwalimu."

"Mtahini anayekula kabla ya mtihani hana uso wa kumnyima mtu alama," alisema Mwalimu Zadock. Aliisema kama methali, ila haikuwa methali. Ilikuwa njaa yenye tai shingoni.

Sista hakupata nafasi ya kubishana. Mama mmoja alikuwa amefika na uchungu wa karibu, na kilio chake kilimwita Sista chumba cha kuzalishia. Aliingia, mlango ukafungwa, na funguo za kabati la chai na sukari akaingia nazo mfukoni. Kabati la dawa la zahanati ile lilikuwa na kitasa kibovu kwa miaka miwili. Kabati la sukari lilikuwa na kufuli mbili.

Basi wakabaki watatu chumbani: Damaris, Mwalimu Zadock, na Mama Filister aliyekubali kutahiniwa kidonda chake, kilichokuwa kimechelewa kufunga, kwa sharti kwamba asikalishwe sana, na kwa kutoamini sharti hilo akaja na soda yake baridi na bakuli la nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha.

"Dakika thelathini," alisema Mwalimu Zadock. "Anza."

Damaris alianza. Alisalimia, akajitambulisha, akaeleza, akapata idhini ("Si nimeshakuambia ndiyo toka juzi?" alisema Mama Filister). Hatua ya tano alitoka kwenda uani kwenye pampu, akarudi. Mwalimu Zadock aliitazama saa yake kwa huzuni, akaandika. Hatua ya kumi, bandeji ya zamani ikatoka. Hatua ya kumi na tano, kidonda kikawa wazi, chekundu, kisafi. Hatua ya kumi na tisa...

"Umeruka ya kumi na nane," Mwalimu Zadock alisema.

"Nimeifanya, Mwalimu."

"Umeruka! Kila siku mnaruka! Mnaniruka mimi!"

Sauti ilikuwa kali mno. Damaris aliinua macho. Mwalimu Zadock hakuwahi kufoka. Huyu alikuwa mtu aliyewaangusha watu kwa upole. Sasa paji la uso lilikuwa limelowa, na kola ya shati imelowa, na chumba hakikuwa na joto la kiasi hicho. Kalamu nyekundu ilitetemeka juu ya fomu ikichora kitu kama nyayo za kuku.

"Kumi na nane," alisema tena, "kumi na... Mama Kimya, mbona una miguu miwili?"

"Mama Kimya ni nani?" Mama Filister aliuliza.

Chuo cha Upeo Mpya kilikuwa kimempa Damaris slaidi elfu mbili, na hata moja haikumjia kichwani wakati ule. Kilichomjia ni alasiri moja ya mwaka wa pili, umeme ulipopotea. Projekta ilizimika, slaidi zikafa, na Mwalimu Zadock, akiwa hana cha kusoma, alilazimika kuongea kama mtu. Aliketi juu ya meza. Aliwaambia kwamba yeye mwenyewe hujidunga insulini kila asubuhi, na kwamba ukijidunga usile, sukari hushuka. Alisema: "Jasho la baridi. Mikono hutetemeka. Unakasirika bila sababu. Kisha maneno yanapotea njia. Msingojee kipimo kama hakipo. Ikiwa anaweza kumeza, mpeni kitu kitamu, upesi. Mimi hutembea na peremende." Akaonyesha peremende. Nusu saa ile haikuwa katika mtaala, haikuulizwa katika mtihani, na hapakuwa na mwanafunzi aliyeisahau.

"Mwalimu, asubuhi ulijidunga?"

"Usimuulize mtahini maswali!"

Aliupapasa mfuko wa shati lake. Kalamu nne. Mfuko wa suruali: kifutio na stapla. Peremende zilikuwa zimehamishwa na vifaa vya kazi.

Cephas alikuwa amekwisha kuingia, maana aliishi dirishani. "Hiyo ni malaria imepanda kichwani," alisema kwa uhakika wote. "Mlaze chali, mmwagie maji, mimi nilete sindano!"

"Cephas, ukigusa sindano nitakuuma," Damaris alisema. "Mketishe wima. Mshike asianguke. Mama Filister, soda yako."

"Soda yangu?"

"Tafadhali, mama."

"Na mguu wangu uko wazi hivi, na soda pia ichukuliwe?" Lakini alikuwa ameshaifungua kwa meno, akaitoa.

Mwalimu Zadock aliufunga mdomo. Aliufunga kama mlango wa benki. Damaris alimwekea chupa midomoni, Mwalimu akaisukuma kando.

"Hujajitambulisha," alisema, ulimi mzito. "Hujasalimu. Hakuna... hakuna idhini."

"Mwalimu, kunywa, utapoteza fahamu!"

"Hatua ya kwanza!"

"Japuonj ameenda," Mama Filister alinong'ona. "Mwalimu ameenda kabisa."

Hapo ndipo Damaris alipotambua kwamba ndani ya kichwa kile taa zote zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine, na ya mwisho kubaki ilikuwa orodha. Akapiga magoti mbele yake. Akatumia sauti ile ya chuoni, ya kukariri, aliyokuwa ameichukia kwa miaka mitatu.

"Habari ya asubuhi, baba. Mimi ni mwanafunzi muuguzi Damaris Robi. Nitakupa kinywaji kitamu kwa sababu sukari yako imeshuka. Je, unanipa idhini?"

Uso wa Mwalimu Zadock ulilainika. "Vizuri," alisema kwa upole. "Idhini imetolewa." Akafungua kinywa.

Alikunywa kidogo kidogo, Damaris akimhesabia mafunda na kuhakikisha kila moja linamezwa. Mashine ya kupimia sukari ilikuwapo kwenye droo. Vijiti vyake ndivyo vilivyokwisha mwezi wa pili. Kwa hiyo alikaa akipima kwa macho. Dakika tano: jasho bado. Dakika kumi: mkono umetulia. Dakika kumi na tano: Mwalimu Zadock aliitazama chupa tupu, akamtazama Cephas aliyemkumbatia mabega, akasema, "Bwana, niachilie."

"Sasa ale," Damaris alisema. "Soda peke yake haitashikilia."

Mama Filister alilisukuma bakuli la nyoyo, akageuza uso asishuhudie.

*

Mtu mwingine angeamka akashukuru. Mwalimu Zadock aliamka, akala nyoyo mpaka chini ya bakuli, akapangusa midomo kwa leso, akaokota fomu sakafuni, akaitazama saa.

"Dakika hamsini na mbili," alisema. "Hatua kumi na tisa. Mgonjwa ameachwa na kidonda wazi." Akaifunga kalamu. "Damaris, umeanguka."

Damaris aliwaona akilini watu wa Osiri, vidole vyao vilivyopondeka vikishuka kimoja kimoja.

Sista Trizah alitokea mlangoni, aproni ikiwa na damu, usoni ana furaha ya mtu aliyetoka kupokea mtoto. "Msichana, kilo tatu na nusu!" alitangaza. Halafu akaziona nyuso. Mama Filister akamweleza yote kwa pumzi moja, kuanzia kwenye soda.

"Mwalimu," Sista alisema, "mtoto huyu amekuokoa na wewe unahesabu dakika?"

"Sikatai. Lakini siwezi kutoa alama kwa jambo ambalo sikuliona."

"Hukuliona, lakini ulilimeza."

Wanaomjua Mwalimu Zadock wangeona kwamba alikuwa akiteseka. Alikuwa akitafuta ndani ya kanuni zake mlango wa kupitisha shukrani, kwa sababu nje ya kanuni hakujua pa kuipitishia. Hatimaye uso ulimng'aa. Akatoa fomu nyingine mkobani.

"Ipo fomu ya dharura. Naweza kuijaza hiyo." Akaandika, akitamka polepole. "Jina la mgonjwa: Zadock Bogonko. Jina la mtahini: Zadock Bogonko. Tuendelee. Ulimsalimia mgonjwa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nakumbuka kama ndoto. Ulijitambulisha, ulieleza, ulipata idhini. Vizuri sana." Kalamu ya kijani ilitembea. Ikasimama. "Hatua ya tano, ya nyota. Ulinawa mikono kabla ya kunihudumia?"

Damaris aliitazama mikono yake. Ilikuwa na soda, na jasho la Mwalimu, na kidogo cha kidonda cha Mama Filister.

"Sema tu," Mwalimu Zadock alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Ukisema, naandika."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yalikaa pale ulimini kama amina. Kila mtu chumbani aliyangoja, hata Cephas.

"Sikunawa, Mwalimu."

"Damaris."

"Sikunawa. Ulikuwa unazama, sikuwa na muda wa kwenda pampuni, na ukizama tena leo, sitanawa tena. Lakini siwezi kusema nimenawa." Akaunyoshea kidole mguu uliokuwa wazi. "Na Mama Filister ana kidonda wazi tangu saa hizo, tunabishana juu yake kama samaki wa mnada. Niangushe. Lakini nimfunge kwanza."

Akatoka. Pampu ililia uani, mara moja, mbili, nyingi. Ndani, walisikia maji yakipiga jiwe. Mwalimu Zadock alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikia wimbo wa utotoni ambao maneno yake yamempotea.

Damaris alirudi mikono ikiwa juu. Alipopita mbele ya Mwalimu matone mawili yakaangukia ile fomu ya kwanza, wino wa hatua ya tano ukasambaa ukawa ua la bluu. Mwalimu Zadock aliutazama kwa muda. Miaka kumi na moja, na orodha yake haikuwahi kulowa.

Akaishika saa ya kupimia muda. Mshale wake ulikuwa unazunguka vizuri tu, kila mtu aliuona.

"Saa yangu," alitamka, akiukazia macho ukuta, "ilikuwa imesimama."

Akaibonyeza irudi mwanzo.

"Kwa hiyo muda unaanza sasa. Dakika thelathini."

Damaris alikiosha kidonda upya, akafunga bandeji, akamwinua Mama Filister ajaribu kukanyaga. Hakuitazama orodha. Mahali fulani alifanya hatua ya thelathini kabla ya ishirini na sita kwa sababu mguu ulitaka hivyo, na kalamu nyekundu ikainuka, ikasita, ikarudishwa mfukoni.

"Ya arobaini na saba," Mwalimu Zadock alisema mwishoni. Alikohoa. "Mgonjwa ana malalamiko?"

"Ninayo," Mama Filister alisema. "Soda yangu. Na nyoyo yangu. Andika yote mawili."

Na kwa mara ya kwanza katika historia ya orodha ile, nafasi ya mwisho ikaandikwa kitu. Chini yake, kwa kalamu ya kijani, Mwalimu Zadock aliandika maoni ya mtahini: "Hatua nyingi zimevurugika. Mgonjwa yuko hai. Na yule mwingine pia. Amepita."

*

Watu wa Kisegi wanapenda kisa hiki, na wanakimalizia pale. Damaris mwenyewe angependa kukimalizia pale. Alipata leseni, akaenda Osiri akatibu vidole vyote vilivyokuwa vikimngoja, kisha akarudi kwenye zahanati ile ile, safari hii kwa mkataba na koti lake mwenyewe. Usiku kabla ya kulala alijiambia kwamba lazima kitu kimebadilika huko chuoni. Mtu hawezi kurudi kutoka ukingoni mwa kaburi, amebebwa na soda ya mkaanga samaki, asijifunze kitu. Ndivyo alivyoamini, tulishasema alikuwa na kasoro hiyo.

Mwaka uliofuata akaletewa mwanafunzi, msichana aitwaye Mellen, sare mpya, macho makubwa ya woga. Damaris alimpa mgonjwa wa kwanza. Mellen akasalimia, akajitambulisha, akaeleza, akaomba idhini. Kisha akainua mikono mikavu mbele ya ukuta.

"Nimenawa mikono."

Damaris alifumba macho. "Mellen. Bomba la maabara bado halina maji?"

"Halina, Sista. Lakini limepakwa rangi."

"Na Mwalimu Zadock?"

"Yuko. Amesimamia marekebisho makubwa ya orodha." Mellen alisema kwa fahari. "Siku hizi hatua ni arobaini na nane."

Moyo wa Damaris ulinyanyuka kidogo. "Iliyoongezwa ni ipi?"

"Hakikisha mtahini amekula. Ina nyota."

"Na mnahakikishaje? Mnampa chakula?"

Mellen alishangaa swali lenyewe. "Hapana, Sista. Chakula hakipo. Tunasimama mbele yake tunatamka, 'Mtahini amekula.' Anatia alama. Juzi tumbo lake lilikuwa linanguruma mpaka tukashindwa kusikiana, lakini wote tulipita."

Benchini, Mama Filister, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kikohozi, alichomoa soda kwenye kikapu, akaisogeza nyuma ya mgongo wake, mbali na wasomi.

Damaris aliichukua sabuni. Aliupindua mkono wa Mellen kiganja juu, akaiweka hapo, akavikunja vidole vya msichana juu yake kimoja baada ya kingine.

"Pampu iko nje," alisema. "Twende, nikuonyeshe inavyolia."